Tumbaku ya Rhodesia kwa Jina la Tabora

Hospitalini, Ubelgiji

Mdogo wangu Maganga,

Pokea marahaba kabla hujaniamkia. Safari hii sianzi kwa kuuliza habari za mvua na mizinga ya nyuki kama nilivyozoea, kwa sababu pumzi yangu ni fupi na jambo lenyewe ni refu. Nimekuficha kwa miaka mingi. Tumbaku iliyokuvunjia heshima haikutoka kijijini Ipole. Haikuota hata katika nchi yetu. Nilijua tangu mwanzo, nikanyamaza.

Haya, nisikose adabu. Hujambo? Mgongo wa shemeji Nyamizi unaendeleaje? Mimi mapafu yamechoka. Daktari wangu ni kijana mpole, anazungukazunguka na maneno. Nilipomwambia aseme wazi, akasema labda hadi baridi iishe. Nusu ya siku nalala, nusu iliyobaki nina hasira, na hiyo hasira ndiyo iliyonikalisha kitandani nikaomba karatasi.

Unakumbuka kampuni iliponichukua Tabora, mwaka uleule wa uhuru. Walitaka mteuzi, mtu wa kupanga majani kwa madaraja, anayeijua tumbaku yetu kwa kuishika tu. Wakaniweka kwenye ghala la bandarini huku Ubelgiji, kazi yangu kutia sahihi hati kwamba robota hili limetoka mahali fulani. Baadaye walowezi wa Rhodesia wakajitangazia uhuru wa peke yao, wakawafunga wenye nchi na kuwapiga risasi. Mataifa yakakubaliana kwamba mtu asinunue bidhaa zao, na tumbaku ilikuwa miongoni mwa zile za mwanzo. Nilishangilia peke yangu chumbani. Wewe uliniandikia kwamba Ipole mlikubaliana mkutanoni: kama mafuta ya taa yataadimika kwa sababu ya ugomvi huo, mtakaa gizani. Na mkakaa.

Siku hizi redio ya hapa inasema vikwazo vya uchumi ni bure, vinaumiza maskini tu na watesaji wanaendelea kula. Nikisikia hivyo natamani kuipiga ile redio kwa kikombe. Maskini waliumia, kweli, mliumia ninyi. Lakini bure? Nimeona kwa macho yangu! Tumbaku ya walowezi ilipoanza kutufikia kwa njia za kuzunguka, ilikuwa imefichwa misimu miwili mitatu kwa kukosa mnunuzi, na ndani imeota ukungu. Ukungu ule ulikuwa ushahidi kwamba kamba imewabana. Walioilegeza ni zile serikali zilizonyosha mikono kwenye kura kisha zikafumba macho bandarini, na matajiri wa kampuni, na Mnyamwezi mmoja mwenye kalamu.

Msimamizi wa ghala aliniita, akanipa jani.

"Mihayo, hii ya wapi?"

Nikalivunja, nikanusa. "Ya Rhodesia."

"Nusa tena."

"Hata nikinusa mpaka kesho, bwana."

Akacheka. "Basi pua yako imezeeka. Wenye pua zilizozeeka tunawarudisha kwao. Hebu nusa tena, mzee."

Nikanusa. Nikasema ya Tabora.

Haikuishia hapo. Walowezi hufunga vicha vya tumbaku kwa namna yao, na mtu wa kazi angetambua. Nikawakalisha vibarua, nikawafundisha kufungua na kufunga upya kwa jani lililokunjwa mara mbili na kuchomekwa katikati, kama mama alivyotufundisha wewe na mimi mbele ya bani la kukaushia tumbaku, moshi ukitutoa machozi. Hakuna aliyeniomba niwafundishe vizuri vile.

Mnunuzi alipoona ukungu akalalamika, na malalamiko yakaja kwenu. Barua yako ninayo hapa. Afisa wa tumbaku alisimama mbele ya kijiji kizima akainua jani bovu: "Ndugu mteuzi, tumbaku yako imeota mvi kabla yako!" Watu wakacheka. Walipomaliza kucheka wakakuita mhujumu wa Ujamaa. Ukavuliwa kazi ya uteuzi, na waliokuwa wamemposa binti yako wakavunja uchumba, kwamba hawaoi kwa mwizi. Ukaniandikia, "Kaka, wewe ni mtu wa majani. Waandikie wakubwa mstari mmoja tu, watakusikia."

Nikakujibu nini? Kwamba umtegemee Mungu. Na nikakutumia shati. Shati, Maganga! Ukalivaa kanisani, ukaniandikia kwamba limekukaa vizuri, asante kaka. Nilikukasirikia kwa asante ile kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Ningependa ungenitukana.

Barua hii isomwe kwenye mkutano wa kijiji, na aisome mchungaji, maana sauti yake inafika nyuma. Nakala nyingine nimeituma kwa wakubwa wilayani, pamoja na jina la ghala na la msimamizi. Usinisitiri kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Wakikuomba radhi, usiseme "yamekwisha" haraka haraka kama ulivyo. Waache wasimame kwanza.

Msalimie shemeji Nyamizi. Msalimie binti yako, umwambie baba mkubwa wake ndiye aliyemvunjia uchumba, si wewe. Msalimie shangazi yetu mrina asali, kama bado anapanda miti, na yule fundi aliyekujengea bani.

Limebaki moja, nami nimelizunguka barua nzima kama daktari wangu. Uliniuliza kwa nini, katika vijiji vyote vya Tabora vinavyolima tumbaku, marobota mabovu yawe na namba ya kijiji chenu, ile ya kuuzia tumbaku. Nikakuandikia kwamba ni bahati mbaya. Msimamizi alitaka namba ya kijiji cha kweli, ili mkaguzi akitafuta aikute. Hakunitajia kijiji, aliniachia nichague. Namba niliyoijua kwa kichwa ilikuwa moja tu, ile uliyoniandikia kwa furaha wiki mliyopewa. Nikaipaka kwa mkono wangu, robota baada ya robota.

Kaka yako,
Mihayo