Cherehani Isiyo na Uzi

Mume wangu Idi,

Marahaba. Shikamoo yako imefika, pamoja na picha ya nyumba mliyopanga huko Mwanza. Mama yako hajambo, na paka amezaa tena kwenye kapu la nguo.

Unauliza kwa nini miguu yangu haitulii nikiwa kwenye mashine ya kusafisha damu. Haiumi sana, mjukuu wangu. Ni kama sisimizi wanatembea ndani ya mifupa: nikiichezesha wanaacha, nikitulia wanarudi. Basi hufumba macho, nikajikuta Kariakoo, enzi za Ujamaa, bado bibi harusi.

Mama mkwe wangu alikuwa mshonaji. Figo zilipomdhoofisha, alishinda barazani akikanyaga cherehani isiyo na uzi wala kitambaa. Uzi wenyewe ulikuwa adimu madukani. Mimi nikadhani akili inamruka. Nikaihamishia cherehani chumbani, nikamtandikia mkeka apumzike.

Akalala. Visigino vikasugua mkeka ule mpaka ukachanika.

"Mwanangu," akaniambia taratibu, "mimi nimechoka. Miguu ndiyo haijachoka."

Nikamrudishia cherehani yake, ila sikumwelewa. Akakanyaga, trrr, trrr, uso ukamlainika kama mtu anayebembelezwa. Mlio ule bado nausikia mashine hii inapozunguka.

Juzi muuguzi mmoja, binti mpole, alinishika miguu kwa huruma ili nitulie. Nikamtazama usoni, nikajiona mwenyewe na khanga zangu mpya, natandika mkeka.

Bibi yako akupendaye,
Mwanaidi