Sare Uliyomshonea Rehema

Albert Park, Durban

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute mguu umepungua uvimbe na unakaa tena jikoni kwa raha. Sisi huku ni wazima. Rehema meno mawili ya mbele yamemng'oka, anacheka kwa kuziba mdomo. Mama, barua hii nimeianza mara nyingi kwa hasira nikaichana. Leo nitakuambia bila ukali, lakini nitakuambia.

Unajua shule ya karibu ilimkataa Rehema kwa sababu karatasi zetu za ukaazi hazijatoka. Nililia, halafu nikasema basi, nitamsomesha mwenyewe nyumbani. Mimi wa darasa la saba! Dada mmoja Mkenya ninayemfulia nguo kule Westville, anafundisha chuo, akanipa vitabu vya Kiingereza walivyosomea wanawe. Akaniambia, "Shika mtaala mmoja tu, Mama Rehema. Ukichanganya, mtoto atapotea." Nikashika. Vitabu vizuri, karatasi inang'aa, lakini mtoto ananikodolea macho na mimi namkodolea. Maneno yenyewe sote wawili hatuyajui. Ikafika siku akiona kitabu tu, anasema tumbo linamuuma.

Jirani yetu Mkongo, Mama Plamedi, yeye anawafundisha wanawe kwa Kifaransa. Akamchukua Rehema wiki moja. Mtoto akarudi anaandika herufi za kuunganisha kama karani wa zamani, ila kusoma alichoandika hawezi! Nilipomwambia, Mama Plamedi akacheka mpaka akashika ukuta. "Eish! Mutoto iko na mukono muzuri, kusoma itakuya. Lakini wewe unamubembeleza na Kiswahili, unamugombeza na Kiswahili. Juu ya nini unamuanzisha na luga ya wengine?"

Hilo likaniingia. Jumapili nikakaa na Baba Rehema tukapanga: asubuhi asome Kiswahili kwangu, hesabu kwa Mama Plamedi, na baba yake akitoka kulinda magari kule Umbilo amfundishe Kiingereza kidogo kidogo. Akasema, "Sharp, mke wangu, umefikiri vizuri." Nikaandika majina ya vitu vya nyumbani, nikabandika kila mahali. Mama, mtoto akasoma! Akasoma "sufuria", akafunua, akaniuliza, "Mbona wali hujauandika?" Nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Alhamisi akafika Kaka Saidi, yule mfanyabiashara anayetuletea mizigo ya nyumbani. Nikafungua furushi lako nikitegemea dagaa. Nikakuta sketi ya bluu na shati jeupe.

"Hii ya nini?"

"Sare ya Rehema," akasema bila wasiwasi. "Mama amesema ajaribu, kama inabana mishono itaachiwa. Shule ameshaandikishwa kule nyumbani, nasafiri naye Jumamosi. Kwani shemeji hakukwambia?"

Baba Rehema aliporudi nikamwonyesha ile sketi. Akatazama viatu vyake.

"Mama yako mwenyewe ndiye aliyeona ni bora. Tulizungumza kwenye simu."

"Na mpango wetu wa Jumapili?"

"Nilikuona umefurahi," akasema. "Nikashindwa kukwambia."

Mama, mume tumekutana ukubwani. Wewe ndiye uliyenizaa. Ulimkisia mwanangu kiuno, ukakata kitambaa, ukashona vifungo kimoja kimoja, na muda wote huo hukuona kwamba mimi sijaulizwa? Najua unampenda. Najua dawati na mwalimu wa kweli vina faida kuliko meza yangu ya kukatia vitunguu. Ungeniuliza ningelia, lakini ningefikiri. Mmenifanya mimi ndiye mtoto, na Rehema mzigo wa kubebwa na Kaka Saidi.

Sare nimeikunja nimemrudishia. Atafika peke yake. Usijisumbue kwenda kupokea mtu stendi na mguu huo. Mwambie mwalimu mkuu nafasi ampe mtoto mwingine. Baba Rehema amenuna, lakini jana nimemsikia anamfundisha kuhesabu magari kwa Kiingereza dirishani.

Ukitaka kunisaidia, nitumie kitabu cha kusoma cha darasa la kwanza, cha Kiswahili. Mtoto sasa anataka hadithi.

Nisalimie Baba Mdogo Athumani, fundi wetu wa baiskeli, na Shangazi Mwajuma aliyenifunda. Usiwafiche nilichokuandikia.

Mwanao anayekupenda, na hasira bado anayo,

Mwanaidi