Hata Kosa Langu Kanichukulia

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama ananung'unika kama kawaida yake, na akinung'unika ujue afya ipo. Anakusalimu, anauliza kama unakula au unajidanganya na chai. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo ina maneno.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza jambo moja tu: kwa nini mkeo anataka kuacha kazi ghafla akufuate huko, wakati ni wewe uliyenibembeleza nimtafutie nafasi kwetu. Unasema ukimwuliza anajibu amechoka. Nitakujibu, ila nivumilie nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utaichana barua hii.

Kazi yetu unaijua. Tuna ule mchezo wa mbio za magari, watu wanashindana mtandaoni kila mmoja akiwa kwake. Mchezo wenyewe unakaa kwenye seva, zile kompyuta kubwa zinazowakutanisha. Tukitengeneza barabara mpya au gari jipya, lazima seva zisasishwe, na miaka yote mwenye kazi hiyo nilikuwa mimi. Chombo cha kusasishia nilikiandika mwenyewe. Hakina picha wala vitufe: skrini nyeusi, unaandika amri, unabonyeza, basi. Kikielewa, kinakaa kimya. Kisipoelewa, pia kimya. Mimi nilijua kimya kipi ni kipi. Wenzangu walikiogopa, wakakibandika jina la Kisirani.

Nami nilipenda wakiogope, sikufichi. Siku moja niko kwa daktari wa meno, nusu ya mdomo imekufa ganzi, bosi akanipigia simu nimsaidie. Nikamsomea amri herufi moja moja huku mate yananitoka. Daktari alikasirika sana. Mimi nilitoka pale kichwa kimevimba kuliko shavu.

Ndipo akaja mkeo. Hata hajazoea kiti, akakivuta ubavuni kwangu akaomba anitazame nikifanya kazi. Akawa anauliza: hapa wifi umejuaje uko kwenye seva gani? Na ukikosea, kinakwambia? Nikamjibu kwamba anayejua kazi yake hana haja ya kuambiwa. Akacheka, akanishukuru. Kumbe anamzungukia kila mtu, hadi mchoraji wetu wa magari, anawauliza wanakwama wapi. Nikasema moyoni, huyu hana la kufanya.

La kufanya alikuwa nalo. Siku moja bosi katuita sote, mkeo akafungua skrini nyeusi kama yangu, amri zinaandikwa vilevile, ila hiki chake, we acha tu, kinaongea. Kinakwambia uko seva gani na kuna watu wangapi wanacheza humo. Ukikosea amri, kinakuuliza kama ulitaka kuandika hii au ile. Na kabla ya kugusa seva yenye watu, kinakutaka uandike jina lake kwanza, ndipo kiendelee. Mchoraji akajaribu, akaweza. Mhasibu, mtu wa risiti zake, naye akajaribu, akaweza! Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga pia, viganja vikaniuma, na roho ikaniuma zaidi.

Tangu hapo simu yangu ikanyamaza. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenisubiri. Wakipita mezani kwangu wananisalimu vizuri, halafu wanakwenda kucheka mezani kwake. Nikirudi nyumbani, mama naye ananiambia wifi yako kanitengenezea simu, sasa maandishi nayaona makubwa. Mwaka mzima mama aliniomba nimfanyie hivyo, nikawa namwambia kesho. Haya, na mama naye kaenda. Nilikuwa nalala na wivu, naamka nao, nauvalisha nguo naupeleka kazini.

Bosi aliposema sasa wote tutumie chombo kipya, nilisema nitabaki na changu kwanza, kwa usalama. Usalama gani? Kijicho tu.

Sasa sikiliza. Mchana mmoja kulikuwa na fainali ya mashindano, seva kuu imejaa wachezaji. Mkeo alikuwa na barabara mpya, bado nusu, anataka iwekwe kwenye seva ya majaribio ambayo haina watu. Nikamwambia aniachie. Nilitaka mchoraji aone kwamba wakati chombo cha wifi yangu kinapiga soga, changu kimeshamaliza. Nikaandika, nikabonyeza. Kimya. Nikamgeukia mchoraji natabasamu.

Nilichosahau ni kwamba chombo changu kinakumbuka seva uliyoigusa mwisho, na hakikwambii. Asubuhi ile nilikuwa nimeikagua seva kuu. Ile barabara nusu niliipeleka katikati ya fainali. Magari yakafika mahali barabara inapoishia, yakatumbukia, na wachezaji wote wakatupwa nje ya mchezo. Simu za wateja zikaanza kulia chumba kizima.

Bosi katoka mbio, anauliza ni chombo gani kimefanya hivi. Watu wote isipokuwa mimi walikuwa wanatumia kile kipya, kwa hiyo macho yote yakamwendea mkeo. Mdogo wangu, nilifungua mdomo niseme ni mimi. Kilichotoka ni kwamba chombo kipya bado hakijakomaa.

Mkeo aliitazama skrini yangu. Aliona kila kitu, yeye si mtoto. Kisha akanitazama mimi, akamwambia bosi kosa ni lake, na atalirekebisha. Akarudisha mchezo wa zamani kwa kile chombo chake, kikiwa kinamwambia hatua kwa hatua kimefika wapi. Mchoraji, aliyeniona nikibonyeza, akainamia karatasi zake. Bosi akaamuru chombo kipya kiwekwe kando, na kwa kuwa mkeo yuko kwenye kipindi cha majaribio, akamwambia mwezi ukiisha hatamwongezea mkataba. Hajachoka, mdogo wangu. Anafukuzwa, na anayemfukuza ni dada yako.

Ungedhani nilikosa usingizi kwa aibu. Aibu ilikuwepo, lakini unanijua. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba watu walianza kumpelekea chai. Wanamwambia ana moyo mzuri, kakubali kosa lake bila kelele. Mama akamkumbatia mlangoni. Kosa nifanye mimi, apendwe yeye! Kazi yangu kaichukua, sifa zangu kazichukua, mama kamchukua, sasa hata kosa langu kanichukulia! Nikasema la hasha, hili simwachii.

Leo asubuhi nimekwenda kwa bosi, nikamwambia kosa ni langu na nalitaka. Nikamfungulia skrini, nikamwonyesha nilivyoandika. Alinyamaza muda mrefu, na safari hii kimya chenyewe sikukielewa. Mwishoni akasema mkataba wa mkeo utaendelea akitaka mwenyewe, na chombo changu kifutwe. Nimekifuta mimi, kwa mkono wangu. Hakikusema kitu, kama kawaida yake. Kuanzia sasa niko chini ya mkeo.

Yeye hakunishukuru wala hakunisuta. Alivuta kiti akakaa palepale ubavuni, akaniuliza: wifi, ulipobonyeza, ulidhani uko wapi? Nilitaka kumjibu vibaya. Badala yake nililia, mbele ya mhasibu. Yeye akanisubiri nimalize, halafu akauliza tena swali lilelile.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Mwandikie mkeo, mwambie asiondoke. Mimi nimejaribu kumwambia mara mbili leo, na mara zote mbili nimeishia kuuliza habari za chakula. Usimwambie nimekutuma. Usidhani wivu umeniisha, upo, na kesho nitaamka nao. Lakini nimekaa miaka yote hiyo pale, na yeye ndiye mtu wa kwanza aliyewahi kuniuliza nafanyaje kazi yangu. Wengine waliniogopa tu. Leo mchoraji kaniambia Kisirani halikuwa jina la chombo.

Mgongo uukande kwa maji ya moto, usibebe vitu vizito. Mama anasema umtumie picha, kubwa, siku hizi anaona vizuri. Pokea salamu za nyumba nzima, na za mkeo, ambaye sasa hivi yuko jikoni anamfundisha mama kitu kwenye simu, na wanacheka.

Ni mimi dada yako,
Kisirani