Nywele za Mama Kwenye Mpera

Alhamisi. Mvua imepita asubuhi, imeacha ukungu milimani, na ziwa limetulia kupita kiasi. Leo sina raha, na sioni sababu ya kujidanganya.

Hii ni wiki ya tano tangu tumzike baba. Nina kosa ambalo sijalisema hadharani.

Kwetu, baada ya mazishi, mjane na watoto wananyolewa. Nywele zinakusanywa pamoja, na mtoto wa kwanza anazizika nyuma ya nyumba kabla jua halijazama, zisichukuliwe na mtu wala mnyama. Mtoto wa kwanza ni mimi. Nilipewa beseni la plastiki, nywele za mama zikiwa juu, nusu nyeupe. Nilipofika nyuma ya jikoni, waliokuja kuchukua viti vya matanga wakaniita. Nikaliweka beseni juu ya ukuta, nikaenda, nikasahau.

Asubuhi yake lilikuwa karibu tupu. Nikafukia zilizobaki, nikawaambia wote kwamba nimemaliza kazi.

Nilisema uongo huo koleo likiwa bado mkononi.

Mwizi nilimjua siku chache baadaye. Ni ndege mdogo mwenye kishungi, kichwa cheusi chenye mng'ao wa bluu, mgongo wa rangi ya matofali. Dume ana mkia mrefu kuliko mwili wake wote, sijui anamringia nani. Jina lake la Kiswahili silijui, ingawa nafundisha bioloji hapa hapa Nyamianda. Anakamata nzi hewani, halafu anarudi kwenye tawi lile lile. Kiota chake ni kidogo kama kikombe cha kahawa. Anakifunga kwa utando wa buibui na kukitandika kwa chochote laini. Dume na jike wanapokezana kulalia mayai. Hayo yote ningeweza kuyaandika ubaoni bila kutetemeka.

Kiota kiko kwenye mpera wetu, tawi la chini. Ndani kimetandikwa nywele za mama.

Mama alianza kuumwa kichwa wiki ile ile kilipojengwa. Wa kituo cha afya walikuja nyumbani wakapima malaria, hakuna. Wakampa vidonge, havikusaidia. Anasema kuna kitu kinamkwangura ndani, taratibu, hasa mapambazuko. Hali chakula vizuri, amekonda, na hajatoka chumba cha mbele tangu mazishi. Dirisha lake linatazama barabara. Mpera hauonekani kutoka kule hata ukinyoosha shingo.

Siku kumi na moja zilizopita, Jumapili, nikiwa nampa uji, alifumba macho akasema, "Iko tatu. Bado habana manyoya."

Nilidhani ni homa. Nikaenda nyuma, nikainua simu juu ya kiota, nikapiga picha.

Yalikuwa makinda matatu, uchi kabisa, bado na vipande vya maganda.

Niliwaambia wanafunzi wangu miaka yote kwamba bahati tu inatosha kueleza mambo mengi. Usiku huo sikulala, na tangu hapo sijaisema sentensi hiyo darasani.

Jana alifika shangazi, dada yake baba, kutoka Runingu. Alimwona mama, akanivuta jikoni. "Weye, ile nyele ulizika wapi?" Nilijaribu kudanganya, nikashindwa, nikamwonyesha mpera. Hakunigombeza, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema tu kiota kishushwe, nywele zizikwe inavyotakiwa, makinda yatajua yenyewe.

Leo asubuhi, mvua ilipokatika, alipanda juu ya kigoda. Dume alikuwa akimzunguka kichwani, kishungi kimesimama, analia kwa ukali. Shangazi akanyoosha mkono. Haukuwa umegusa hata jani.

Mama akapiga kelele kutoka chumbani, "Acha! Bataanguka!"

Shangazi alishuka polepole. Akafunga kitenge chake vizuri, akatafuta pikipiki ya kumrudisha Runingu, hata chai hakunywa. Mwanamke yule namjua, haogopi mtu. Leo alinikwepa macho.

Nilipobaki peke yangu nilipiga magoti mbele ya mama, nikakiri yote: beseni, ukuta, uongo. Nililia kama mtoto. Akanishika kichwa changu, nywele zimeanza kuota.

"Minye nilijuaga," akasema. "Usilie. Mule ndani iko joto."

Halafu mchana huu akafanya jambo ambalo ningepaswa kulifurahia. Aliinuka mwenyewe. Akaomba maji ya moto, akaoga, akavaa kitenge alichoshonewa na baba. Kichwa kimepoa, anasema. Akaniomba nifungue dirisha na nisilifunge tena.

Nimemuuliza anajiandaa kwenda wapi.

"Siku ya dimanshi bataruka. Nitaenda nabo."

Alisema hivyo huku akinitabasamia, kwa sauti ile ile anayotumia kuniagiza chumvi.

Nimehesabu siku, kama mwalimu. Makinda ya aina hii huacha kiota karibu wiki mbili baada ya kuanguliwa. Jumapili inaangukia pale pale.

Nimelifunga dirisha. Kisha nimelifungua tena, kwa sababu aliniomba, na kwa sababu mimi ndiye niliyeacha nywele zake nje. Kiota sitakigusa. Jumapili nitaamka kabla yao wote, mama na ndege, nikae kitandani kwake, nimshike mkono kwa mikono yangu miwili. Sijui kama nina nguvu ya kutosha.