Nguruwe wa Polikarp

Lizaboni, Songea
Agosti 1991

Dada Biasha,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Nalasi, na kikohozi cha mama kiwe kimepungua. Mimi mgongo unauma kwa magunia ya mahindi tunayopakia ghalani, lakini leo hata mgongo nimeusahau.

Uliniuliza habari za mdogo wetu Alfani. Nilikwambia gongo inammaliza, na kwamba anamfanyia kazi Polikarp, mpika gongo, kwa malipo ya gongo hiyohiyo. Basi dada, nyumba ya Polikarp imefungwa!

Mama Kunegunda, mwenye nyumba ninayopanga, alichoka na matusi na walevi kulala mlangoni kwake. Akatukusanya majirani, tukapeleka shauri mahakamani. Polikarp alitucheka. Alisema siku hizi kila biashara ni ruksa, tena kwake kunapikwa togwa tu. Hakimu akajibu kuwa ruksa haifiki kwenye gongo, na nyumba inayoiuza ni kero kwa umma, sheria inaifunga. Akasema atakuja kujionea.

Alipokuja na askari wake, ua ulikuwa umefagiwa kama wa kanisa. Mapipa hakuna, mrija hakuna. Polikarp akamkaribisha togwa. Nikajua Alfani tutamzika hukuhuku.

Ndipo nguruwe wa Polikarp wakatoka bandani. Mmoja alitembea kiubavu, mwingine akagonga ukuta akaguna kama anayeomba radhi, na jike kubwa likalala juu ya kiatu cha hakimu, likakoroma. Mama Kunegunda akamwuliza Polikarp ni togwa gani hiyo inayolewesha nguruwe. Hata askari walicheka. Mimi niliyelelewa kuwakimbia wanyama hao, siku ile ningewakumbatia. Askari wakaingia bandani, wakakuta hori limejaa machicha ya gongo, na mapipa yamefichwa nyuma yake. Juzi hakimu aliamuru nyumba ifungwe.

Mtaa mzima unasema Polikarp aliwasahau nguruwe wake. Wewe tu nakwambia kweli: alimtuma Alfani akayafukie machicha mbali. Alfani akayamwaga horini, makusudi. Ameniambia mwenyewe, kiu ikiwa bado inamtesa, kwamba mlango wa Polikarp ukiwa wazi hakuweza kuupita bila kuingia, ndiyo maana akaufunga.

Anakuja kwenu na lori la Ijumaa. Mpe jembe, asafishe chini ya mikorosho, wala usimhoji sana. Mama mpe shikamoo yangu, na watoto wabusu.

Ndugu yako anayekupenda,
Akimu