Majivu Chini ya Kila Kiungo

Lushoto,
Jumapili, baada ya ibada

Baba,

Shikamoo. Mama anasema marehemu haamkiwi, lakini sijawahi kuanza maneno na wewe bila salamu, na leo sitaanza.

Nakuandikia kukwambia kwamba mashine yangu imenyamaza. Haijaharibika. Inafanya kazi vizuri kuliko zamani, ila haikoromi tena.

Unakumbuka siku ile kwaya ilipokuja kurekodi kwenye chumba changu, wewe ukiwa mstari wa nyuma na besi yako. Nilikuwa nimeziba dirisha kwa magodoro ili sauti za barabarani zisiingie. Hewa nayo haikuingia. Kompyuta ikapata joto, feni zikaanza kuvuma, na tulipousikiliza wimbo, chini ya sauti zenu palikuwa na mvumo kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Wote wakaangalia chini kwa kunionea aibu. Wewe ndiye uliyesema, "Afadhali. Nilidhani ninayekoroma hapa ni mimi peke yangu." Watu wakacheka, nami nikapona.

Ule ndio wimbo wako wa mwisho, Baba. Sikujua.

Baada ya mazishi mwalimu wa kwaya alinijia kwa upole. Alisema wanataka kurekodi tena, nyimbo zote, na wangependa iwe kwangu kwa sababu yako. Lakini mvumo ule hawautaki. Kama mpaka mwisho wa mwezi sijaumaliza, watashuka Tanga. Sikumlaumu. Ila nilijua kwaya ikishuka Tanga, na wateja wengine wote watashuka, na chumba changu kitabaki cha kutolea fotokopi.

Nikaamua kuipoza mashine kwa maji. Ni kama kazi yako ya mabomba, ila ndogo: pampu inasukuma maji, maji yanapita juu ya kipande cha shaba kilichokalia prosesa, ule ubongo wa kompyuta, yanabeba joto hadi kwenye rejeta kama ya gari, yanapoa, yanarudi. Feni zinabaki, lakini zinazunguka taratibu. Nilipomweleza kijana wa duka la simu alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, kompyuta ya Lushoto ikisikia joto, ya Tanga itasemaje?" Mama hakucheka. Alisema, "Maji na umeme? Baba yako amekufa, sasa na wewe?"

Kuchagua vifaa kulinichukua muda mrefu, unanijua. Niliandika kila kitu kwenye shajara, nikafuta, nikaandika tena. Rejeta za alumini zilikuwa nyingi na rahisi. Ya shaba ilikuwa moja tu, ndogo, imeshatumika, na ubavu umebonyea. Nilikaribia kuagiza ya alumini. Kisha nikakumbuka lile bomba la chuma la kule Mponde, lililoliwa pale lilipokutana na koki ya shaba, nawe umelishika mkononi limemong'onyoka kama mkate mkavu. Ulisema, "Vyuma visivyoelewana usivikutanishe kwenye maji mamoja. Maji ni mchonganishi." Kile cha juu ya prosesa ni shaba. Nikaagiza ile ya shaba iliyobonyea.

Maji yenyewe nilinunua. Hapo ndipo Mama alipocheka kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Nilirudi na madumu ya maji yaliyosafishwa, yale wanayoongezea kwenye betri za magari, akasimama mlangoni akiangalia mfereji unaopita nyuma ya nyumba na kuniangalia mimi. "Jamani! Mshambaa ananunua maji!" Nilimweleza kwamba ya chemchemi yana chokaa na vijidudu, yakizunguka muda mrefu yataziba njia nyembamba za shaba. Akasema nisije nikalirudia neno hilo mbele ya kaburi lako. Basi nimelirudia kwa barua.

Vifaa vilipofika kutoka Dar, vikapandishwa toka Mombo, nilifanya jambo ambalo sikuwa nimelipanga. Nilifungua sanduku lako la vifaa. Nilitaka kitu chako kimoja kiwe ndani ya mashine. Nikapata ile nipo ya shaba ya robo inchi, kile kiungo kifupi chenye uzi wa kukazia, uliyokuwa ukifungia geji ya kupimia nguvu ya maji. Nikaijaribu kwenye kitangi cha plastiki kinachokaa juu ya pampu. Uzi ukashika! Vifaa vya kompyuta na vyako, uzi mmoja. Nililia, Baba, nikiwa nimekaa sakafuni na spana yako mkononi.

Nikazungusha tepu nyeupe kama ulivyonifundisha. Nikakaza kama ulivyonifundisha: mpaka ikatae, halafu kidogo tena.

Kitangi kikalia, tak. Ufa mwembamba kama unywele, toka tundu hadi chini.

Nipo yako imenyooka mwanzoni kisha inanenepa. Kwenye bomba la chuma huko kunenepa ndiko kunakoziba. Kwenye plastiki ni kabari, inapasua. Hivi vya kompyuta uzi wake ni mnyoofu, vina mpira shingoni, na vinakazwa kwa vidole tu. Nilikuwa nimesoma hayo yote. Nilikuwa nimeyaandika. Lakini mkono ulikuwa umeshika spana yako, ukafanya unavyojua.

Siku mbili sikuigusa kazi. Mwezi ulikuwa unakwisha. Niliagiza kitangi kingine, nikairudisha nipo sandukuni, na nilipolifunga nilihisi kama nakuzika mara ya pili.

Kitangi kipya kilipofika nilifunga mzunguko wote mezani, nje ya kompyuta, pampu peke yake ndiyo yenye umeme. Walioandika mitandaoni wanasema uweke karatasi laini chini ya kila kiungo, uache maji yazunguke. Nilikuwa nazikunja hizo karatasi Mama alipoingia na ungo wa majivu ya jikoni, ameyachekecha. Akamwaga vilima vidogo chini ya kila kiungo, kama wewe ulivyokuwa ukifanya mtaroni kabla ya kufukia, na watu wa kamati ya maji wakikupigia kelele, "Fundi, fukia, mvua inakuja!" nawe ukijibu, "Majivu hayajanijibu."

Niliziweka karatasi pembeni.

Asubuhi majivu yalikuwa na doa moja jeusi, dogo kama mbegu ya mchicha, chini ya kiungo cha pampu. Pale karatasi ningeiona imeshakauka, lakini majivu hulitunza doa. Nikalegeza, nikakuta mpira umekaa upande, nikauweka sawa na kukaza kwa vidole. Asubuhi iliyofuata yote yalikuwa makavu. Mama alivigusa vile vilima kimoja kimoja kwa kidole, akasema, "Sasa fukia."

Nikafuta meza, nikafunga vitu ndani ya kompyuta, nikamwita mwalimu wa kwaya.

Wamekuja jana. Mstari wa nyuma waliacha nafasi yako wazi, hakuna aliyewaambia. Nilipowasha kurekodi, chumba kilikuwa kimya mpaka nikasikia wakivuta pumzi kabla ya mstari wa kwanza. Mwalimu alisikiliza, macho amefumba, kisha akaniuliza tunaendelea na wimbo wa pili au nimechoka. Basi. Hawashuki Tanga.

Kisha akaniomba nisafishe na ule wa zamani, wenye sauti yako. Nilijaribu leo baada ya ibada. Mvumo na besi yako vimekaa mahali pamoja. Kila nikiupunguza mvumo, nawe unapungua. Nikakurudisha. Nitamwambia huo tunauacha ulivyo, mnakoroma wote wawili.

Lala salama, Baba. Mama nipo naye. Sanduku lako nalipaka mafuta lisipate kutu. Na nakuahidi, kwa lolote nitakalofunga, la maji au la maisha, sitafukia kabla majivu hayajanijibu.

Mwanao.