Kikohozi Nyuma ya Kimani

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Subukia tuko salama, yaani mimi na ng'ombe. Tangu cucu, bibi yako, atuache, ng'ombe ndiye ninayemsimulia habari za redio, na hajawahi kunipinga.

Umeniuliza kama ni wazimu kurudi nyumbani uwanie kiti cha bunge la kaunti ukiwa mgombea huru, wakati vyama viwili vimeshagawana watu wote. Unaogopa utabaki peke yako.

Nikiwa kijana, tulichagua mwenyekiti wa ushirika wa maziwa kwa kupanga foleni nyuma ya unayemtaka. Kulikuwa na kambi mbili, ya mlimani na ya bondeni. Katikati akasimama Kimani, hana kambi, anatazama mbele kwa sababu mgombea hakuruhusiwa kugeuka. Nilikuwa nimeyapenda maneno yake, nikaenda nyuma yake. Hakuna mwingine aliyekuja.

"Baba Njoroge, umepotea njia?" cucu yako akaniita kutoka foleni ya mlimani. Watu wakacheka. Nikakohoa kwa aibu.

"Kuna mtu?" Kimani akauliza bila kugeuka.

"Ni mimi tu."

"Basi ni foleni," akasema, na mabega yake yakanyooka.

Alishindwa vibaya. Uchaguzi uliofuata, cucu yako alikuja nyuma yangu, akidai upande ule una kivuli.

Siku hizi kura ni ya siri, Wambui, hutamwona aliye nyuma yako. Ukisikia mtu akikohoa, ni mimi.

Guka wako